Fumie, Aliyetaka Jibu Kabla ya Mlo

Wasikilizaji wapendwa, anueni nguo kwanza. Jivu la mlima wetu wa volkano linaanguka tangu alfajiri, na leo upepo umeamua kutuonea sisi. Mkishaanua, rudini mkae. Asubuhi hii hatupigi muziki. Tunamkumbuka Sakoda Fumie.

Sakoda Fumie amefariki. Alikuwa na umri wa miaka sitini na moja. Alikuwa daktari wa mifugo katika maabara ya ukaguzi wa nyama, na ndiye aliyetupa kipimo cha haraka cha bakteria kwenye kuku. Zamani jibu lilichukua siku kadhaa. Yeye alilileta chini ya saa moja. Na aliyemuua, wasikilizaji, ni bakteria yuleyule aliyemwinda maisha yake yote. Aliingia tumboni mwake kutoka kwenye sahani ya kuku mbichi, dukani kwa mdogo wake, mchana kweupe, huku sisi tukipiga makofi.

Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio. Fumie wa maabara amefariki. Aliliwa na alichokuwa anakipima. Kama mnategemea nitalipamba jambo hili, badilisheni kituo mapema.

Fumie alizaliwa nyuma ya duka. Chumba walicholala watoto kilipakana ukuta mmoja na chumba cha kuchinjia, na mtoto yule aliamshwa na kelele za kuku kabla mama yake hajamwita. Baba yao, mzee Sakoda, alikuwa fundi hasa. Anachinja, ananyonyoa, anababua ngozi kwa moto wa gesi mpaka ipate rangi ya kahawia, na ndani nyama inabaki mbichi, ya waridi, inang'aa. Halafu kisu. Vipande vyembamba, mchuzi wetu wa soya wenye utamu, tangawizi na kitunguu saumu. Torisashi mnaijua, siwezi kuwafundisha nyinyi. Wengine mnaitafuna hivi sasa mnaponisikiliza.

Mama yao, Bi Ine, ana miaka tisini. Nilikwenda kumpa pole, nikamkuta ameketi karibu na picha ya binti yake. Aliniambia hivi: "Fumie alikuwa mlafi. Baba yake akimpa kipande kimoja, anaiba viwili. Nikimchapa, analia huku anatafuna." Akacheka. Kisha akaanza kuifuta ile picha kwa mkono wa kimono, akaifuta, akaifuta, mpaka mkwewe akamshika mkono.

Kwa hiyo mnaosema Fumie alikuwa na chuki na chakula cha kwetu, na mko wengi, mlisema uongo. Alikipenda kuliko nyinyi.

Alisoma udaktari wa mifugo mjini Kagoshima, akarudi, akaajiriwa maabara. Mwaka wake wa kwanza kazini aliombwa achukue sampuli kwenye karamu ya harusi, utaratibu wa kawaida tu. Akapitisha pamba juu ya nyama asubuhi, akaitia kwenye kisahani, akakiweka kwenye kabati la joto. Siku zile hapakuwa na njia nyingine. Unasubiri bakteria waote ndipo uwaone. Huku nyuma karamu ikaliwa, pombe ya viazi ikanywewa, watu wakaimba wakaenda kulala.

Jibu lilipotoka, bwana harusi alikuwa kitandani hospitali, anaharisha damu. Wiki chache baadaye miguu ikamfa ganzi. Leo anatembea kwa magongo, na hata sasa mkewe ndiye anayemfunga viatu. Fumie alikwenda kwao na jibu lake mkononi, akainama mlangoni mpaka paji la uso likakaribia magoti. Mama wa bwana harusi akamwuliza: "Sasa hilo jibu nilipake wapi? Kwenye magoti yake?"

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Mji mzima ukaanza kumwita Bi Keshokutwa, kwa sababu majibu yake huja keshokutwa, chakula kikiwa kimeshaliwa. Sisi watu wa hapa tuna moyo mzuri sana. Mtu akianguka, hatumwinui mpaka tumpe jina.

Kwenye bafu la umma ndiko alikosulubiwa zaidi. Akina mama wamekaa kwenye maji ya moto mpaka shingoni, wana nafasi, wana midomo.

"Fumie, haya maji umeyapima, au tusubiri keshokutwa?"

"Mwacheni Bi Keshokutwa wa watu. Hata yule mchumba alimpima. Jibu likatoka keshaoa mwingine!"

Kicheko mpaka kwenye bafu la wanaume. Fumie hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alikuwa akijisugua mgongo, akasema bila kugeuka: "Chekeni tu, mama zangu. Tumbo likiwakata, mlango mnaokuja kugonga ni wangu." Lakini alipotoka nje, alikaa kwenye benchi la viatu muda mrefu, nywele zinachuruzika. Aliyeniambia hayo ni mmoja wa waliocheka. Aliomba nisimtaje, na simtaji.

Baada ya harusi ile, Fumie aliacha kula kuku mbichi. Na hapo, wasikilizaji, ndipo ugomvi na mdogo wake ulipoanza. Baba yao alikuwa ameshafariki. Duka lilikuwa mikononi mwa Yasunori, na Yasunori alikuwa na kisu cha baba na kiburi cha baba. Mwaka Mpya mmoja aliwaalika ndugu na wageni wake wakubwa, akakata kidari bora kuliko vyote, akamwekea dada yake mbele. Fumie akakichukua kipande kwa vijiti. Watu wote wakatazama. Akakizamisha kwenye sufuria ya supu inayochemka katikati ya meza.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimekipika."

"Mbele ya wageni wangu?"

"Wageni wako nao wangekipika, kama wasingekuwa na haya."

"Basi kinywe na supu yake, na leo ndiyo mwisho wako kuketi mezani kwangu!"

Fikirini. Ni kama umealikwa kwa fundi cherehani, akakuvika kanzu aliyoishona mwenyewe, nawe ukaichana mbele yake uone kama uzi ni imara.

Alipokuwa akivaa viatu, Fumie alimwambia mdogo wake maneno ambayo mkewe Yasunori, Bi Chizuko, anayakumbuka mpaka leo. "Yasu, mkono wako siukatai. Nakitamani kile kipande mpaka meno yananiuma. Lakini nimewaona wanaolala vitandani. Siku nitakayopata jibu kabla ya vijiti kugusa nyama, nitakuja kula kwako, mbele ya watu wote."

Hilo ndilo alilolitaka maisha yake yote. Sio nishani, sio picha gazetini. Alitaka kukaa tena mezani kwa mdogo wake na kula alichokata mdogo wake, bila kuogopa. Narudia, maana ndiyo habari yenyewe ya leo. Alitaka kula kwa mdogo wake bila kuogopa.

Miaka ikapita. Alifanya kazi mpaka macho yakaingia ndani. Aliwahi kuja hapa hapa studio kutueleza kuhusu yule mdudu, kampilobakta. Alikalia kiti kile pale, akasema jambo ambalo lilituudhi wote. Alisema: "Nyinyi mnaamini kuku akichinjwa sasa hivi hana neno. Mmekosea. Huyu bakteria hapendi hewa. Nyama ikikaa wazi, anadhoofika, wengine wanakufa. Kuku aliyechinjwa sasa hivi ndiye anayekuja nao wakiwa hai na wengi. Upya mnaousifia ndio unaowabeba."

Simu zikalia. Mmoja akauliza kama tule kuku aliyeoza basi. Mwingine akasema babu yake alikula torisashi miaka tisini na akafa kwa kuanguka kwenye paa. Fumie akamjibu: "Hongera kwa babu. Na paa lilikuwa jipya?" Mpigaji akakata simu. Nilimpenda mama yule siku ile, na sikumwambia.

Halafu akakipata. Kipimo chenyewe ni rahisi kukitazama. Kichupa kidogo chenye maji ya waridi. Unapitisha pamba juu ya kuku, unaizamisha, unakipasha joto kwenye kijisanduku. Maji yakibaki waridi, bakteria hawakuonekana. Yakigeuka manjano, wapo, tena wengi. Hakuna tena kungoja waote. Unapata jibu kabla hujamaliza kunywa chai na kusengenya jirani. Wenzake maabara walikijaribu na kukijaribu tena sambamba na ile njia ya zamani, wakakikubali. Fumie alisisitiza jambo moja kila mahali alipokwenda: kichupa kimoja ni cha kuku mmoja. Hakisemi lolote kuhusu kuku wa pembeni yake.

Mtu wa kwanza kuja kukiomba ni nani? Yasunori. Alikuja maabara amevaa suti, suti ya misiba, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Akainama. Akasema: "Dada, nifundishe."

Na msimseme vibaya Yasunori, nawaonya. Wapo wauzaji wangepima kuku mmoja wakaweka bango la wote. Yeye alimpima kila kuku. Waliobaki waridi alikata torisashi. Waliogeuka manjano walikwenda kwenye mafuta ya moto, hata kama ni wazuri kiasi gani, hata kama foleni imefika kwenye posta. Bi Chizuko anasema alikuwa akiwaaga wale wa manjano kwa jina la mfugaji aliyewalea. Bango akaandika: KUKU WALIOPIMWA. Wajawazito walionywa wasile hata hao, na akawafukuza mwenyewe dukani.

Sasa tufike kwenye ile siku.

Ilikuwa sherehe ya kumbukumbu ya baba yao kufungua duka. Mapazia mapya, pipa la pombe, watoto wa shule na ngoma. Kituo hiki kilipeleka kipaza sauti. Fumie alifika amevaa kimono cha kijivu, na watu wakampisha njia, wale wale wa bafuni. Kila mtu alijua anakuja kufanya nini. Juu ya kaunta Yasunori alikuwa amepanga vichupa vya kuku wa siku ile, vyote waridi. Fumie alivipitia kimoja kimoja kwa kidole. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Yasunori akatoka nyuma na sahani. Alikuwa na haraka, mchuzi ukamwagika kidogo kwenye sinia.

"Dada, karibu."

"Umepima, Yasu?"

"Dada, si umeviona vichupa?"

Akakaa. Akachukua kipande cha kwanza, akakitia mdomoni, akafunga macho. Mama yao alikuwa pembeni kwenye kiti cha magurudumu, anamtazama mdomo. Fumie akatafuna polepole. Kisha akasema, na sauti yake tunayo hapa kwenye kumbukumbu zetu ingawa leo siwezi kuipiga: "Mama, ni ileile." Mji ukalipuka kwa makofi. Yasunori akageukia ukuta, mabega yanacheza. Fumie akaendelea kula, anacheka huku machozi yanamtoka, hakuacha hata tangawizi.

Baada ya siku chache tumbo lilimkata. Akalala nyumbani, akapona. Wiki ya pili akaamka vidole vya miguu havina hisia. Alijua mara moja. Wakati mwingine mwili ukishapigana na bakteria yule huchanganyikiwa, ukaanza kuipiga mishipa yake wenyewe ya fahamu. Ganzi huanza miguuni na kupanda. Wengi hupona. Fumie alipofikishwa hospitali, ganzi ilikuwa imefika magotini. Daktari kijana akaanza kumweleza ugonjwa huo kwa upole. Akamkatiza: "Mwanangu, niambie tu kama mna kitanda chenye mashine ya kupumulia."

Watu wakaanza kusema kipimo ni bure. Mji ule ule uliopiga makofi! Simu zilipigwa hapa: Bi Keshokutwa kajiua na kichupa chake. Mmoja alitaka tumpigie wimbo. Nilimjibu vibaya, na meneja wangu amenipa onyo, na onyo nimelipokea.

Lakini Fumie alikuwa na swali. Kitandani, sauti imeanza kukatika, alimwita Yasunori. Bi Chizuko alikuwepo na ndiye aliyenisimulia, kwa ruhusa ya mumewe.

"Yasu. Vichupa vyote vilikuwa waridi. Niliviona mwenyewe. Mimi nilikula kuku yupi?"

Yasunori akaanza kumrekebishia blanketi.

"Yasu. Mimi ni dada yako. Yupi?"

Ndipo akasema. Kuku waliopimwa walikuwa wamekaa wakisubiri majibu. Nyama ilikuwa imeshapoa, imeshatulia, haina tena ule uhai wake. Akaona haya. Dada yake amesubiri miaka yote hii, amekuja mbele ya mji mzima, halafu ampe nyama iliyokaa? Baba asingefanya hivyo. Kwa hiyo dada yake alipokuwa anapitia vichupa kaunta, Yasunori alirudi nyuma akachinja mmoja, aliyekuwa bora kuliko wote siku ile. Akambabua, akamkata akiwa bado na joto, akamletea.

"Kuku waliopimwa niliwapa wateja," alisema. "Wewe nilikupa aliye bora."

Fumie alimtazama mdogo wake. Akasema: "Kumbe kipimo changu bado kinachelewa." Bi Chizuko anaapa kwamba alicheka. Yasunori anaapa kwamba hakucheka. Jioni ile ganzi ilifika kifuani, wakamtia bomba kooni, na hakusema tena neno lolote. Alikaa hivyo wiki kadhaa, macho yako wazi, anasikia kila kitu. Yasunori alikuja kila siku akamsugua miguu ambayo haikuwa na habari naye. Kisha mapafu yakaingiwa na homa, na Fumie akatutoka.

Kipimo hakikukosea, wasikilizaji. Shikeni hilo hata kama mtasahau mengine yote. Kipimo hakikukosea. Kuku yule hakupimwa. Hakupimwa kwa sababu alikuwa wa mtu anayependwa.

Kwa niaba ya kituo hiki, tunampa pole Bi Ine, aliyezika mume na sasa amemzika binti. Pole kwa Bi Chizuko, ambaye nyumbani kwake hivi sasa hakuna anayemaliza chakula. Pole kwa wenzake wa maabara, wanaoendelea na kazi, na wanaosema wanatafuta njia ya kufupisha muda ule zaidi. Na pole kwako, Yasunori. Najua unanisikiliza, redio yako ya dukani haizimwi. Sina la kukwambia ambalo hujajiambia mwenyewe. Watu wa mji huu wanataka nikulaani kwa sauti. Wajilaani wenyewe kwanza, halafu tutaangalia kama muda umebaki.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini juzi duka lilifunguliwa tena, na nitawaambia kilichotokea, maana na hili ni la kumkumbuka Fumie.

Yasunori alikuwa kaunta, vichupa vimepangwa kama kawaida. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Habari ya alichomfanyia dada yake ilikuwa imeshazunguka mji mzima. Akafika mteja mmoja, mtu wa heshima zake, wengi wenu mnamwinamia mkikutana naye barabarani. Akaangalia huku na huku, akaegemea kaunta, akanong'ona. Lakini Bi Chizuko alimsikia.

"Mzee Yasu, hii ya kupimwa wape watalii. Mimi nikatie ile ya kindani. Ile uliyompa dada."

Yasunori hakupandisha sauti. Alifuta kisu, akakilaza. Akasema: "Ile ilikuwa ya mtu mmoja, bwana. Aliila yote."

Na yule bwana, wasikilizaji wapendwa, akauliza kama kesho itakuwepo.

Tafakarini hilo, kila mmoja na sahani yake. Wewe uliyeuliza unajijua, na jina lako ninalo.